Kupima sumukuvu Dodoma: ukanda wa haraka, ELISA au mashine ya HPLC?

Wenye maghala wa Kibaigwa, wachanganyaji wa chakula cha kuku hapa mjini na wakamuaji wa alizeti wananiuliza swali moja: kipimo kipi cha sumukuvu ni bora? Nami huwauliza: namba ukishaipata, unaifanyia nini? Mtu mwenye lori la mahindi getini, dereva anasubiri na dalali anapiga simu, anataka jibu ndani ya nusu saa. Anayepeleka mzigo Kenya anataka cheti ambacho ofisa wa mpakani atakikubali. Mtafiti ana sampuli mia mbili zinamsubiri kwenye friji. Hawa watatu kipimo kimoja hakiwatoshi, na wakilazimishwa kukitumia, wawili kati yao watapoteza hela.

Kwa sisi wa kanda ya kati jambo hili tumelizika makaburini. Katikati ya mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo, waliugua ini baada ya kula mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe: macho ya manjano, tumbo kuuma na kujaa, kutapika. Wagonjwa walioorodheshwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Sumukuvu iliyowaua ni aflatoksini. Kuvu inayoileta, Aspergillus flavus, hustawi pale mahindi na karanga zinapoungua na jua zikiwa bado shambani, na kila mkulima wa Dodoma anajua mvua inavyoweza kukatika Februari mahindi yakiwa ndiyo yanabeba. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Ugali ukiiva, sumu bado imo.

Namba na vikomo vyake

Matokeo ya aflatoksini husomwa kwa ppb, yaani mikrogramu za sumu katika kila kilo ya nafaka. Kwa mahindi ya kula, kiwango cha Afrika Mashariki ni ppb 10 kwa aflatoksini zote pamoja, na ppb 5 kwa aflatoksini B1 peke yake, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Ulaya wanabana zaidi: 4 na 2 kwa mahindi yanayoliwa moja kwa moja. Marekani wanaruhusu 20 kwa chakula cha watu, na kwa chakula cha mifugo wanaanzia 20 kwa ng'ombe wa maziwa hadi 300 kwa ng'ombe wa nyama anayemaliziwa kunenepeshwa. Kwa hiyo mtu akikuambia mzigo wake umefaulu, muulize umefaulu kwa kikomo cha nani, na kwa aflatoksini zote au B1 tu.

Fumonisini ni sumu nyingine, ya kuvu nyingine, Fusarium, na ina kipimo chake. Kikomo chake cha Afrika Mashariki kwenye mahindi ni miligramu 2 kwa kilo, sawa na ppb 2,000. Anayesoma fumonisini 900 akidhani ni aflatoksini atatupa mahindi salama. Na ukanda wa aflatoksini hauoni fumonisini hata chembe, kwa hiyo anayetaka kujua zote mbili anunue vipimo viwili.

Sasa piga hesabu ndogo. Gunia la kilo 100 lililofika ppb 10 lina miligramu moja tu ya sumu ndani yake. Karanga moja iliyooza imewahi kupimwa ikakutwa na zaidi ya ppb 1,000,000. Ikiwa karanga hiyo ina uzito wa nusu gramu, imebeba nusu miligramu. Punje moja inatosha kufikisha kilo 50 za karanga safi kwenye kikomo. Punje mbili, gunia zima.

Kabla ya mashine, sampuli

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niseme jambo ambalo wauza vifaa hawalipendi: sehemu kubwa ya makosa kwenye kupima sumukuvu hutokea kabla mashine haijawashwa. Sumu haikusambaa guniani kama chumvi kwenye mchuzi. Imejificha kwenye punje chache, na kiganja cha mahindi kilichochotwa mdomoni mwa gunia kinaweza kusoma sifuri huku gunia lenyewe likiwa na 60. Kiganja cha pili kutoka gunia lilelile kinaweza kusoma 200. Vipimo vyote viwili vitakuwa vimesema kweli, kila kimoja kuhusu kiganja chake.

Wengi wanachukulia bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje ndani ya gunia, kuwa kifaa cha dalali cha kuangalia rangi ya punje. Kwa kazi hii ndicho kifaa cha kwanza cha maabara. Chomeka juu, katikati na chini ya gunia. Usiishie magunia ya mlangoni ambayo muuzaji ameyapanga yeye. Panda juu ya rundo, zunguka nyuma, chukua kutoka magunia mengi kidogo kidogo. Kwa shehena kubwa, taratibu za Ulaya hudai michoto 100 inayofikisha kilo 10, na ingawa ghala letu la kawaida halitafika huko, michoto michache inayotoa kilo tano ni bora mara nyingi kuliko kikombe kimoja. Kama lori linashushwa, kinga mahindi yanapomiminika, kwa vipindi, tangu gunia la kwanza hadi la mwisho. Hapo unakuwa umegusa mzigo wote bila kubomoa rundo.

Kisha saga zote. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachukua kilo tano kwa bidii, halafu wanachota gramu 50 za punje nzima ndipo wasage. Kilo nne na ushei za kazi zimepotea. Saga kilo zote hadi ziwe laini kama unga wa kahawa, changanya vizuri, gawanya, ndipo uchote gramu zako za kupima. Safisha mashine ya kusagia kati ya sampuli na sampuli, na vaa barakoa, maana vumbi hilo ndilo lenye sumu.

Mwenye bajeti ya kununua kisoma-ukanda bila kinu cha kusagia, ningemwambia asubiri kwanza apate kinu.

Vipimo vitatu kwa pamoja

| | Ukanda wa haraka | ELISA | HPLC |
|---|---|---|---|
| Muda | Dakika 15 hadi 30 pamoja na kusaga | Saa moja hadi mbili kwa kundi zima | Kazi ya siku, na foleni ya maabara |
| Sampuli kwa mara moja | Moja moja | Makumi | Moja moja, mashine inaweza kufanya kazi usiku kucha |
| Anayeweza kufanya | Mtunza ghala aliyefundishwa | Mtu wa maabara | Mkemia |
| Mahitaji | Meza, mizani, kisoma-ukanda | Friji, pipeti nzuri, kisoma-sahani | Umeme usioyumba, kemikali safi, fundi |
| Inachosema | Jumla ya aflatoksini, kwa kukadiria | Jumla ya aflatoksini au B1, kulingana na kiti (boksi la vifaa vya kipimo) | Aina za aflatoksini B1, B2, G1 na G2, kila moja peke yake |

Jedwali haliwezi kusema kila kitu, hivyo nieleze.

Ukanda wa haraka ni ndugu wa kipimo cha ujauzito cha dukani. Unachukua unga uliopimwa kwenye mizani, unatikisa na kimiminika cha kukamulia sumu, unachuja, unachovya ukanda, unasubiri dakika chache. Mistari miwili inatokea: mmoja wa kuthibitisha kwamba ukanda unafanya kazi, wa pili hufifia kadiri sumu inavyozidi. Wanaoanza hukosea hapa, kwa sababu macho yamezoea kwamba mstari mkali maana yake "ipo". Kwenye sumukuvu mstari mkali ni habari njema. Kuna kanda za ndiyo-au-hapana, na kuna zinazosomwa na kifaa kinachotoa namba. Nunua zenye kifaa. Kukadiria wekundu wa mstari kwa macho, jua la saa nane likipiga mezani, ni kualika ugomvi na muuzaji.

Udhaifu wake ni mipaka. Kila ukanda una namba ya juu kabisa unayoweza kusoma, kwa baadhi 100 au 150, na baada ya hapo unaandika tu "zaidi ya". Mahindi yale ya mwaka 2016 yalikuwa na viwango vya kutisha, mengine ya maelfu na makumi ya maelfu ya ppb, na ukanda usingeyatofautisha na mahindi ya 160 bila kuzimua kimiminika upya. Kwa mwenye ghala hilo halina shida, mzigo unakataliwa vyovyote vile. Kwa daktari anayetafuta chanzo cha vifo ni shida kubwa.

Ukanda huaminika pia kwenye bidhaa ulizothibitishiwa tu. Uliothibitishwa kwa mahindi unaweza kudanganya kwenye mashudu ya alizeti, maana mafuta na rangi nyeusi ya maganda huingilia. Mwombe muuzaji karatasi yenye orodha ya bidhaa ambazo kiti chake kimejaribiwa. Akikwambia kinapima kila kitu, nenda kwa mwingine. Tazama pia joto la kuhifadhia lililoandikwa kwenye boksi: kuna vinavyotaka friji, na boksi lililokaa siku nzima ndani ya gari Oktoba hapa Dodoma si la kuaminiwa.

ELISA hutumia kanuni hiyohiyo kwenye sahani ya visima vidogo 96. Rangi inatokea buluu, unaweka tindikali ya kusimamisha, inageuka njano, na kisoma-sahani kinapima. Njano iliyokolea maana yake sumu ni kidogo. Ukiwa na sampuli nyingi, hakuna kipimo kinachokupa namba kwa bei hiyo.

Lakini zingatia hesabu ya visima. Kila unapopima lazima uweke viwango linganishi (vimiminika ambavyo kiasi chake cha sumu kinajulikana), tuseme vitano, kila kimoja mara mbili: visima kumi vimeondoka. Ukiwa na sampuli 40 zilizopimwa mara mbilimbili, visima 80, hivyo kumi haviumizi. Ukiwa na sampuli sita, visima 12, karibu nusu ya ulichotumia kimekwenda kwenye viwango. Ndiyo maana ghala linalopokea lori moja leo na jingine keshokutwa halipaswi kununua ELISA, hata bei ya kisima kimoja ikionekana ndogo kwenye ankara. ELISA ni ya mradi, ya chuo, ya kiwanda kinachokusanya sampuli za wiki na kuzipima pamoja. Na inataka mkono uliotulia. Pipeti ikiyumba, namba zinayumba.

HPLC ndiyo inayomaliza ubishi. Sumu hukamuliwa, hupitishwa kwenye kichujio maalumu chenye kingamwili kinachoshika aflatoksini na kuacha takataka nyingine zipite, kisha mashine inatenganisha B1, B2, G1 na G2 na kuzisoma kwa mwanga moja moja. Inaona chini ya ppb 1. Juu yake kuna LC-MS/MS, ambayo kwa sampuli moja inaweza kusoma aflatoksini, fumonisini, okratoksini, zearalenoni na nyingine kwa mpigo. Hiyo ni ya utafiti na ya uchunguzi wa milipuko. Mfanyabiashara wa kawaida hana sababu ya kuilipia.

Usiulize tu kama maabara ina HPLC. Uliza kama ithibati yake ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, inahusu aflatoksini kwenye bidhaa yako hasa. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji na ikawa haina ya karanga, na cheti chenye nembo nzuri kikakataliwa ulikokipeleka.

Kuna pia taa ya mwanga wa urujuanimno, ambayo wauzaji wengine huinadi kama kipimo. Mahindi yaliyovunjwa yakiangaza kijani-njano chini yake, ni dalili kwamba kuvu ilipita hapo. Kinachong'aa si aflatoksini yenyewe, kwa hiyo yasiyong'aa yanaweza kuwa na sumu na yanayong'aa yakawa chini ya kikomo. Itumie kuchagua wapi uchome bambo zaidi. Usikatae wala kupokea mzigo kwa taa.

Nani achukue kipi

Mwenye ghala, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au mnunuzi wa Kongwa na Kibaigwa: ukanda wenye kisoma-namba, bila kusitasita, pamoja na bambo, kinu na kipima unyevu. Weka utaratibu wa maandishi. Mimi ningependekeza hivi kwa mahindi: chini ya 5 pokea, juu ya 15 kataa, na katikati hapo chukua sampuli upya, ikibaki palepale peleka HPLC. Ukanda unaosoma 9 na ukanda unaosoma 11 unaweza kuwa unasoma kitu kilekile, na hakuna haki ya kumnyima mkulima bei yake kwa tofauti hiyo.

Msafirishaji wa nje ya nchi: tumia ukanda kwa faida yako, kabla hujapakia, ili usilipie nauli ya mzigo utakaorudishwa. Cheti kitoke maabara inayotambuliwa. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku tano baadaye ilifungua kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha aflatoksini haizidi ppb 10. Malori yaliyokuwa njiani siku zile yalifundisha wengi. Kwa chakula cha watu mlango wa kugonga ni TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo mwaka 2019 ilichukua kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo. Kwa malighafi na chakula cha mifugo, uliza TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari). Uliza kwanza kabla ya kulipia, mnunuzi wako anatambua cheti cha nani.

Mchanganyaji wa chakula cha mifugo ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi, kwa sababu taka za wengine huishia kwake. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye pumba. Alizeti ikikamuliwa, sumu nyingi inabaki kwenye mashudu. Utafiti uliofanywa kwa wakamuaji wadogo wa miji kadhaa, Dodoma na Singida zikiwemo, uliikuta aflatoksini kwenye mbegu na kwenye mashudu. Mahindi yaliyokataliwa ghalani kwa kuwa hayafai kwa watu nayo huwa yanatafutiwa mnunuzi, na mnunuzi huyo mara nyingi ni wewe.

Kwako ushauri wangu ni huu: pima malighafi, usipime mchanganyiko. Chakula kilichokwisha kuchanganywa na chokaa, dagaa, chumvi na madini huvuruga ukanda na ELISA zote mbili, na ukikuta 45 hutajua imetoka wapi. Pumba, paraza na mashudu vipimwe vikiwa bado kwenye magunia yao. Ukanda unatosha kwa pumba na paraza kama kiti kimethibitishwa kwa mahindi na mazao yake. Kwa mashudu, kama hupati kiti kilichothibitishwa, kusanya sampuli za mashine unazonunua kwao na uzipeleke HPLC mara chache kwa msimu. Utajua mkamuaji yupi anapokea mbegu zilizokauka na yupi anapokea zilizovunda.

Kikomo chako kitegemee mnyama. Ng'ombe wa maziwa akila aflatoksini B1, asilimia 1 hadi 6 hivi yake hutokea kwenye maziwa ikiwa imegeuka aflatoksini M1, ndani ya siku moja. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa maziwa ni mikrogramu 0.5 kwa kilo. Ulaya ni 0.05. Mtoto anayenyweshwa maziwa hayo hana njia ya kujitetea, kwa hiyo kwa ng'ombe wa maziwa usikubali kufikiria zaidi ya 20. Ukiondoa chakula kibaya, maziwa husafika ndani ya siku chache. Vifaranga wa bata ndio wepesi kufa kuliko wote. Mfugaji akikwambia bata wake wadogo wanakufa na kuku wamepona, kimbilia kupima. Na punda, ambao kijijini hupewa mahindi mabovu kwa sababu yamekosa mlaji, ubongo wao huozeshwa na fumonisini. Punda anayezunguka bila mwelekeo na kugonga ukuta baada ya kula mahindi yenye kuvu hahitaji kipimo cha aflatoksini. Hapo tafuta kipimo cha fumonisini.

Mtafiti au mradi: ELISA kwa sampuli zote, kisha sehemu yake, zikiwemo zilizosoma sifuri, zirudiwe kwa HPLC ili ujue ELISA yako inapotoka kiasi gani.

Mama mwenye magunia matatu ya chakula cha nyumbani: hela ya kipimo anunue turubai na mifuko isiyopitisha hewa. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na nyepesi ndizo zenye sumu nyingi, na kuchambua na kupepeta kunapunguza sana. Punje hizo zisipewe kuku. Zichimbiwe.

Mambo madogo yanayoharibu matokeo

Sampuli ya maabara iende kwenye mfuko wa karatasi au wa nguo ikiwa bado punje nzima. Mfuko wa plastiki uliofungwa na mahindi yenye unyevu, ukikaa kwenye basi na kusubiri foleni, unaweza kuotesha kuvu njiani, nawe ukalipia sumu ambayo haikuwepo ghalani. Andika kwenye mfuko tarehe, idadi ya magunia, idadi ya michoto na unyevu. Gawanya sampuli mara mbili, nusu ibaki kwako imefungwa na kusainiwa na muuzaji, maana siku ya ubishi ndiyo itakayofunguliwa.

Vimiminika vya kukamulia vyenye methanoli vinashika moto na ni sumu; vipo viti vinavyotumia maji, na kwa ghala lisilo na dirisha zuri hivyo ndivyo ningenunua. Mabaki ya sampuli yamwagiwe dawa ya klorini ya kufulia kabla ya kutupwa, na vyombo viloweshwe humo.

Na matokeo yana umri. Mahindi yaliyosoma 3 mwezi Julai yakiwa na unyevu wa asilimia 13 yanaweza kubaki hivyo msimu mzima. Yaliyosoma 3 yakiwa na asilimia 17 yapimwe tena kabla ya kuuzwa, hata kama cheti chake bado ni kipya.